Gloriosa Katikati ya Chalbi: Kisa cha Rekodi Saba

Kazi yangu ni kunakili lebo. Karatasi ya hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, inapigwa picha, picha inaletwa kwenye kompyuta yangu hapa Nairobi, nami nasoma mwandiko wa mtu ambaye mara nyingi ameshafariki na kuupanga kwenye jedwali: jina la mmea, aliyeuchuma, namba yake, tarehe, mahali, mwinuko. Mwisho wa jedwali kuna safu mbili, latitudo na longitudo. Lebo nyingi za zamani hazina hizo, kwa hiyo lazima mtu azijaze kwa kufuata jina la mahali lililoandikwa. Kisa hiki chote kimetoka kwenye safu hizo mbili.

Shirika moja la uhifadhi lilikuwa likiandaa ripoti kuhusu mimea ya msitu wa Mlima Marsabit, likaomba ramani za maua machache ya porini. Mojawapo ni Gloriosa superba, ua la petali sita zilizopindukia juu kama miali ya moto, nyekundu katikati na njano kingoni. Nilitoa rekodi zote za Marsabit zilizokuwa zimekusanywa, zikawa saba, nikazituma kama zilivyo. Wiki mbili baadaye nikaletewa rasimu niipitie. Ilisema kwamba zaidi ya nusu ya rekodi za gloriosa zinatoka jangwani, kwa hiyo ua hilo lisihesabiwe pamoja na mimea itakayoumia msitu ukizidi kukatwa. Tayari walikuwa wameliondoa kwenye orodha.

Niliisoma sentensi hiyo mara tatu. Hesabu yao ilikuwa sawa, nne kati ya saba. Hesabu hiyo ilikuwa yangu, niliwapa mimi.

Nikarudi kwenye ramani. Nukta tatu mlimani, nne nje. Katika hizo nne, moja ilikuwa kusini, kwenye nyika ya Kaisut, njia ya kutokea Laisamis. Zile nyingine zilikuwa upande wa Maikona, ukingoni mwa jangwa la Chalbi, na nilipozikuza nikaona nukta moja tu. Nikakuza zaidi. Bado moja. Kwenye jedwali, latitudo na longitudo za rekodi zote tatu zilifanana hadi tarakimu ya mwisho. Wachumaji watatu tofauti, miongo mitatu tofauti, na wote eti walisimama juu ya jiwe moja katikati ya nchi ya chumvi wakachuma ua la aina moja.

Hapo sababu haikuwa ngumu kuipata. Lebo inasema "Marsabit". Mlima unaitwa Marsabit, mji ni Marsabit, wilaya ya zamani ilikuwa Marsabit, na kaunti ya leo ni Marsabit. Programu ya kutafuta majina ya mahali ilichagua wilaya, na mtu akikupa wilaya bila kusema zaidi, programu inaweka nukta kwenye kitovu chake. Kaunti ina karibu kilomita za mraba 70,000. Msitu wa mlimani ni kama kilomita za mraba 150. Kitovu cha eneo kubwa hivyo kinaanguka mbali na mlima, kwenye mwinuko usiofika mita 500 juu ya usawa wa bahari, kwenye sakafu ya ziwa lililokauka zamani sana, mahali ambapo Wagabra hupita na ngamia wakitafuta visima.

Kinachoniuma ni kwamba kosa hili halikupiga kelele. Lingekuwa jimbi la msituni, mtu yeyote angeshtuka kuliona Chalbi. Gloriosa si mmea wa msitu mzito peke yake. Hukua kwenye vichaka, pembezoni mwa mashamba, hata mchangani pwani. Hujificha ardhini kama kiazi wakati wa kiangazi na kuchipuka mvua ikinyesha. Kwa hiyo mtu akiiona nyikani kwenye ramani anasema, inawezekana, anaendelea na kazi. Mimi mwenyewe nilisema hivyo. Kosa linalofanana na ukweli linaishi miaka mingi.

Vitabu navyo havikuweza kuokoa. Flora of Tropical East Africa, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika 2012, inaigawa Kenya katika kanda saba, K1 hadi K7. Mlima Marsabit uko K1. Chalbi iko K1. Kaisut iko K1. Ukisoma humo kwamba mmea unapatikana K1, hujui kama unakua kwenye ukungu au kwenye chumvi.

Na tofauti kati ya sehemu hizo mbili ni kubwa mno. Mlima Marsabit ni volkano iliyozimika, yenye kilele cha karibu mita 1,700, umezungukwa na nchi kavu kila upande. Pepo za kutoka Bahari ya Hindi zinavuka tambarare bila kuacha tone, zinafika mlimani, zinalazimika kupanda, zinapoa, na usiku unajaa ukungu. Asubuhi miti inadondosha maji hata kama mvua haikunyesha. Kutoka matawini zinaning'inia ndevu za kijivu za usnea, aina ya kuvu-mwani (lichen), ambazo hunywa unyevu huo moja kwa moja kutoka hewani. Maji ya ukungu ndiyo yanayolisha chemchemi za Bakuli na mashimo ya volkano ambayo Waborana huyaita gof. Ukiondoa miti, hakuna cha kuukamata ukungu. Ndiyo maana swali la ua hili liko wapi halikuwa swali la ofisini kwangu.

Nikaamua kwenda kuziona karatasi zenyewe. Sita kati ya hizo saba ziko hapa Nairobi, katika Hebaria ya Afrika Mashariki kwenye Makumbusho ya Taifa. Hebaria hiyo ilianzia Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi 1950, na leo ina karibu vielelezo milioni moja. Ukiingia uani kwa makumbusho unampita Ahmed, yule tembo wa Marsabit aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Kenyatta na aliyekufa mwaka 1974. Sanamu yake ina pembe zinazokaribia kugusa ardhi. Nimempita mara nyingi bila kufikiri lolote. Siku hiyo nilisimama, maana yeye na maua niliyokuwa nikiyatafuta walikuwa wametoka kwenye msitu mmoja.

Aliyenipokea ni mwalimu wangu, mama aliyestaafu ambaye bado huja siku mbili kwa wiki kupanga makabati.

"Habari ya asubuhi, Mwalimu."

"Nzuri, kijana wangu. Umekuja na picha au umekuja kuuona mmea?"

"Picha ninazo zote."

"Basi ziweke kando kwanza."

Akafungua kabati, harufu ya vidonge vya nondo ikatupiga usoni, akatoa folda la gloriosa na kulilaza mezani. Ua lililokauka halina tena moto wake. Wekundu umegeuka kahawia ya damu kuukuu, njano imekuwa rangi ya karatasi. Rangi unaipata kwenye lebo, kama mchumaji alikumbuka kuiandika.

Karatasi ya kwanza ya "jangwani" haikutuchukua muda. Lebo ilisema Marsabit, futi 4,500. Hiyo ni kama mita 1,370, na Chalbi yote hakuna mwinuko wa namna hiyo. Mwinuko ulikuwa umenakiliwa vizuri kwenye safu yake, safu mbili tu kutoka kwenye latitudo, na hakuna aliyeulinganisha na nukta. Kisha Mwalimu akanionyesha namba ya mchumaji. Ilikuwa ile ile ya rekodi mojawapo kati ya zile tatu za mlimani, ile ya saba iliyohifadhiwa Ulaya. Mchumaji anapopata mmea mzuri hukausha karatasi kadhaa kwa namba moja, anaacha moja hapa, nyingine anazipeleka kwenye hebaria za nje. Ni mapacha. Kwa lebo ya Ulaya mtu aliandika msitu, akaipa nukta mlimani. Kwa lebo ya Nairobi programu ikachagua wilaya. Mmea mmoja, uliochumwa asubuhi moja, ukawa umesimama sehemu mbili kwa umbali wa safari ya siku nzima kwa miguu na zaidi, na ukahesabiwa mara mbili.

Ya pili ilikuwa na neno Marsabit na kifupisho cha wilaya, jina la mchumaji, mwaka. Basi. Hakuna mwinuko, hakuna mazingira, hakuna siku wala mwezi. Tutairudia.

Ya tatu ndiyo iliyotuweka hadi saa nane mchana.

Lebo yake ilisema Marsabit, maua mekundu yenye kingo za njano, mmea unaotambaa juu ya vichaka, na chini yake tarakimu nne: 1350. Hakuna futi, hakuna mita. Aliyeweka nukta kabla yangu alikuwa mwangalifu, nampa haki yake. Aliona lebo nyingi za folda hilo zinatumia futi, akachukulia 1350 kuwa futi, akageuza, akapata mita 411. Akaangalia mwinuko wa pale kitovu cha wilaya kilipoanguka, ukakubaliana. Akaandika kwenye safu ya maelezo kwamba mahali pamethibitishwa kwa mwinuko. Rekodi hii ndiyo iliyoonekana imara kuliko zote saba, ndiyo iliyozibeba zile mbili nyingine za Chalbi, na nadhani ndiyo iliyowapa waandishi wa ripoti ujasiri.

Lakini mita 1,350 ni mwinuko wa msitu. Ni karibu na mji wenyewe wa Marsabit. Tarakimu hizo nne zinaingia sawasawa jangwani ukizisoma kwa futi na zinaingia sawasawa mlimani ukizisoma kwa mita. Sijawahi kukutana na bahati mbaya kama hiyo tena.

Tukaanza kutafuta ushahidi mwingine. Kwanza majirani wa namba. Mchumaji huandika namba kwa mfululizo katika daftari lake, kwa hiyo namba inayotangulia na inayofuata zinasema alikuwa wapi. Iliyotangulia ilikuwa ya siku moja kabla, Croton megalocarpus, mti wa msitu. Iliyofuata ilikuwa ya tarehe ile ile: Coffea arabica. Mwalimu akatabasamu. Kahawa ya Marsabit ina kesi yake. Wapo wanaoamini kwamba ni ya porini hasa, kama ile ya nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Ethiopia na ya Boma huko Sudan Kusini, na wapo wanaodhani ilitoroka kwenye mashamba ya watu. Vyovyote iwavyo, hakuna anayebishana kama kahawa inaota Chalbi. Haioti.

Nikasema basi kesi imekwisha. Yeye akakataa.

"Na kama asubuhi alikuwa chini tambarare, akachuma gloriosa, halafu akapanda na Land Rover mchana akakuta kahawa?"

"Mwalimu, kwa barabara ya miaka ile?"

"Kwa barabara ya miaka ile watu walifika. Usiufunge mlango kwa sababu umechoka."

Akachukua lenzi yake ya mkono akaanza kuutazama mmea, jani moja baada ya jingine. Gloriosa haina kikono tofauti na jani. Ncha ya jani lenyewe hurefuka, ikajisokota kwenye chochote inachokigusa, na ndivyo mmea unavyopanda. Alipofika jani la tatu kutoka juu akanyamaza, akanipa lenzi.

Kikono kilikuwa kimejisokota mara mbili na nusu kuzunguka kijiti chembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Pamoja na kijiti, ndani ya kikunjo, kulikuwa na nyuzi za kijivu-kijani zilizobanwa.

"Usnea," nikasema.

"Ungeikuta imelala tu juu ya karatasi, ningesema imedondoka kutoka kwenye mmea mwingine ndani ya kikandamizio. Vitu huchanganyika humo. Lakini hii imeshikwa. Ilishikwa mmea ukiwa hai."

Kwenye picha yangu, ile niliyoikuza mara nyingi, pale palikuwa na doa la kijivu. Nilikuwa nimelihesabu kuwa uchafu.

Baada ya hapo hata Mwalimu alikubali mita. Mmea uliojishikiza kwenye tawi lenye ndevu za ukungu haukukua kwenye sakafu ya ziwa la chumvi.

Ya nne ni ile ya Kaisut, na hapa lazima nikiri kwamba nilikuwa nimeshaanza kuihukumu. Nilitaka iwe kosa pia. Lebo yake ilikuwa ndefu kuliko zote: maili kadhaa kusini mwa mlima kwenye njia ya Laisamis, udongo mwekundu wenye mawe ya lava, vichaka vya migunga na Commiphora, mmea mfupi uliosimama wenyewe. Mahali palikuwa sahihi kabisa. Kilichokuwa na shaka ni jina. Majani yalikuwa membamba kama ya nyasi, vikono havionekani, ua dogo. Mwalimu alikaa nayo na ufunguo wa utambuzi, akailinganisha na karatasi za folda la jirani, na uamuzi wake ukawa kwamba ni ile gloriosa ndogo ya nchi kavu ambayo mtaalamu wa mimea Rendle aliieleza mwaka 1896 kwa jina la Gloriosa minor, na ambayo siku hizi wengi huiweka chini ya Gloriosa baudii. Ni mmea wa kaskazini mwa Kenya, Ethiopia na Somalia, wenye haki zote za kuwa pale ulipochumwa. Kumbe nukta pekee ya jangwani iliyokuwa ya kweli haikuwa ya ua tulilokuwa tukilizungumzia.

Nilifurahi kwamba hatukuihamisha. Ingekuwa rahisi sana siku ile, baada ya kushinda mbili, kuisukuma na hiyo mlimani.

Nairudia sasa ile ya pili, yenye neno Marsabit tu na kifupisho cha wilaya. Niliitafuta kwa majirani wa namba, mchumaji hakuacha nyingine mwaka ule ninazoweza kuzifikia. Mmea wenyewe ni kipande cha juu, ua moja na majani manne, vikono vimekatika. Ingeweza kuwa ya mlimani. Ningeombwa kubahatisha ningesema mlimani. Lakini sikuweka nukta. Niliacha safu mbili wazi, nikaandika kwamba mahali ni wilaya nzima, na kwamba yeyote atakayelazimika kuitumia kwenye ramani aiwekee duara la shaka la zaidi ya kilomita 150. Mwenzangu ofisini alilalamika kwamba rekodi isiyo na nukta haionekani kwenye ramani, ni kama haipo. Nilimwambia ipo kabatini.

Kwa hiyo rekodi saba zikawa vielelezo sita, maana mapacha walihesabiwa kama mmoja. Vinne ni vya mlimani, kimoja hakijulikani, kimoja ni spishi nyingine. Nilipowaandikia watu wa ripoti sikuwaambia kwamba gloriosa ya Marsabit ni ya msituni peke yake, kwa sababu karatasi hizi haziwezi kusema hivyo. Wachumaji walipanda mlimani kwa sababu kulikuwa na maji, baridi, kituo cha serikali na mahali pa kulala. Wakati wa ukoloni eneo lote la kaskazini, NFD (Northern Frontier District), lilikuwa limefungwa na hukuingia bila kibali. Kisha vikaja vita vya shifta kuanzia 1963 hadi 1967, na kwa muda mrefu baadaye wachache walisimamisha gari kwenye tambarare kuchuma ua. Kutokuwepo kwa karatasi kutoka tambarare kunaeleza safari za watu kuliko kunavyoeleza mimea. Niliwaambia hivi: kila gloriosa superba ya Marsabit ambayo mahali pake panajulikana imetoka kwenye msitu au ukingo wake, na hakuna hata moja iliyothibitika jangwani. Liko sawa kurudi kwenye orodha likiwa na maelezo hayo. Walilirudisha, na sentensi ya nusu ya rekodi ikafutwa.

Wangeiacha ile sentensi kusingekuwa na dhara kubwa siku hiyo. Ripoti husomwa na wachache. Lakini rekodi zile zilikuwa zimeshatumwa kwenye hifadhidata ya kimataifa, na mtu wa mbali anayechora mustakabali wa mimea kwa kompyuta, akizichukua nukta zile tatu za Chalbi, angefundisha kompyuta yake kwamba gloriosa hii inavumilia joto na ukame wa mahali pale. Kompyuta ingemwamini. Marekebisho yalitumwa wiki ile ile pamoja na maelezo ya kila badiliko, na nimekuwa nikipitia rekodi nyingine zote zenye nukta ile ile ya kitovu. Ni nyingi, na si za maua peke yake. Ninaanza na zile zenye mwinuko ulioandikwa, kwa kuwa hizo zinajifichua zenyewe.

Kabla ya kurudisha folda kabatini, Mwalimu aliandika kikaratasi kidogo cha utambuzi kwa ile ya Kaisut: jina jipya, jina lake yeye, mwaka. Akakibandika juu ya lebo ya zamani kidogo, bila kuifunika, kwa sababu lebo ya kwanza haifutwi hata ikikosea. Kisha akaivuta ile ya 1350. Nilimwuliza kama atautoa ule uzi wa usnea autie kwenye bahasha ya vipande, usije ukapotea.

"Usiuguse," akasema. "Uko mahali pake."

Akachukua penseli, akakata kipande kidogo cha karatasi, akakibandika kando ya jani la tatu na kuandika kwa herufi ndogo: kikono kimeshika usnea. Akaweka tarehe, akafunga folda.